Mfalme Louis wa 14 na Wachezaji Wake

Louis wa 14, Mfalme wa Ufaransa, alitawala toka mwaka 1643 hata kufa kwake mwaka 1715. Alipenda sana muziki, dansi na michezo ya kuigiza. Mwaka 1653, akiwa kijana wa miaka 14, alicheza mwenyewe mbele ya wakuu wa nchi, amevaa mavazi ya mfano wa jua. Mwaka 1661 aliwaweka walimu 13 wa dansi katika chuo cha kifalme, ili ufundi wao uwe na kanuni.

Miongoni mwa waliopata fadhili zake alikuwa Molière, mtungaji na mchezaji. Mwaka 1665 kundi lake lilipewa jina la Kundi la Mfalme, na malipo ya kila mwaka. Hiyo haikuwa neema ndogo. Kwani zamani hizo kanisa huko liliwahesabu wachezaji kuwa watu wa aibu, na aliyekufa bila kuikana kazi hiyo aliweza kunyimwa maziko ya Kikristo.

Lakini fadhili hizo zilikuwa na mipaka. Mwaka 1664 Molière alionyesha Tartuffe, mchezo unaomfunua mnafiki ajifanyaye mcha Mungu ili ale mali ya mwenziwe. Mfalme aliutazama huko Versailles. Lakini wakuu wa dini walipochukizwa, alikataza usichezwe mbele ya watu wote. Molière alimwandikia maombi, akangoja hata mwaka 1669 ndipo ruhusa ikatoka. Tena mwaka 1672 Mfalme alimpa Lully, fundi wa muziki mzaliwa wa Italia, haki ya peke yake ya kuonyesha michezo ya kuimbwa. Majumba mengine, hata la Molière, yakapunguziwa wapiga muziki.

Molière alifariki Februari 1673, saa chache baada ya kutoka jukwaani. Padre wa mtaa akakataa kumzika. Mjane wake akaenda kumsihi Mfalme. Ndipo akazikwa, lakini usiku, pasipo sherehe.

Je, ni lipi lililodumu? Mwaka 1680 Mfalme aliamuru makundi mawili ya Paris yaunganishwe kuwa moja, Comédie-Française. Kundi hilo lingali likicheza hata leo, na michezo ya Molière ni fahari yake. Fadhili za mtu hugeuka pamoja na moyo wake. Bali chama chenye kanuni na fungu lake huishi kuliko aliyekianzisha.