Gitaa, Simu na Mjomba wa Yanonge

Barua ya wiki hii imetoka Yanonge, kando ya mto Kongo, kwa wale wanaoshuka na maji kutoka Kisangani. Aliyeiandika ni kijana, na maneno yake yana uchungu:

"Kaka mshauri, ninajifunza gitaa kwa video za bure kwenye simu. Vidole vinakwenda, lakini nikipiga pamoja na kwaya ya kanisa ninapotea. Sebene nayo haitoki kama ninavyoisikia. Mjomba wangu, mpiga gitaa wa zamani, anasema simu haifundishi mtu, niache kumaliza pesa kwa kununua mega. Nifanye nini?"

Asiache.

Wapiga gitaa wakubwa wa Kongo wengi hawakupita shule ya muziki. Franco Luambo alianza akiwa mtoto, Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa gitaa la kujitengenezea. Diblo Dibala, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1954, naye alianza angali mdogo. Alipofika miaka 15 alishinda shindano la vipaji lililomfikisha kwenye bendi ya huyo huyo Franco. Kujifunza kwa kutazama na kusikiliza ni desturi ya zamani, na simu imeongeza tu watu wa kutazamwa.

Hata hivyo mjomba asipuuzwe, maana kuna mambo ambayo video nyingi hazimwambii mpwa wake. Masomo ya video ya Justin Sandercoe, mwalimu wa gitaa Mwaustralia, ni ya bure na ni mazuri kweli kwa anayeanza, ila nyuzi zake hukazwa kwa kawaida ya dunia nzima: mi, la, re, sol, si, mi. Wakongo wana pia mpango wao, mi-composé. Uzi wa nne kuhesabu kutoka ule mwembamba zaidi, yaani ule wa re, hutolewa. Mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaokazwa hadi re ya oktava ya juu. Huenda kijana anavilaumu vidole vyake bure, kumbe tofauti iko kwenye uzi. Tena sebene anayoisikia ni magitaa kadhaa yanayosukana: solo, mi-solo na lile la kusindikiza. Mikono ya mtu mmoja haiwezi kuyatoa yote. Achague gitaa moja, alifuate hilo.

Kusikiliza tu nako kuna mipaka. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo. Sahani za Mwenda zilisambaa hadi Kenya, na vijana wa huko wakaiga mtindo wake. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, jambo ambalo sahani haiwezi kumwonyesha mtu. Ndiyo maana Mwingereza John Low alifunga safari hadi Shaba, jina la Katanga wakati huo, kuwatafuta wapiga gitaa wa enzi hiyo, akaandika kitabu, Shaba Diary, kilichotoka mwaka 1982. Kijana wa Yanonge hana haja ya safari ya namna hiyo. Mtu wake yuko nyumbani.

Kuhusu mega: apakue video moja mahali penye mtandao mzuri, kwa picha ya kiwango cha chini kinachotosha kuonyesha vidole, kisha aitazame kwa nusu ya kasi mpaka aizoee kabla ya kutafuta nyingine. Kupotea kwenye kwaya ni shida tofauti. Video humsubiri, akikosea anaisimamisha na kuirudia. Waimbaji hawamsubiri, na mazoezi ya peke yake hayajamfundisha kuendelea baada ya kosa.

Basi aende kwa mjomba bila ubishi, na gitaa mkononi. Amwombe aimbe wimbo mmoja wa kwaya huku akipiga makofi, yeye asindikize kwa akodi tatu tu, do, fa na sol, bila kusimama hata akikosea. Wakimaliza, kama mjomba ana uzi wa kwanza wa akiba, wauweke mahali pa ule wa nne na kuukaza sauti moja chini ya mi. Mpiga gitaa wa zamani atajua la kufanya kuanzia hapo.