Habari za Shule ni Habari za Wawili



Tukitaja mambo yanayovunja ndoa, tunataja ulevi, fedha na uzinzi. Ni nadra kumsikia mtu akitaja daftari la mtoto. Lakini mimi nimeona nyumba ikipata ufa kwa sababu ya barua ya shule, na nyumba hiyo ni yangu mwenyewe.

Mwaka 2022 mtoto wetu wa tatu alikuwa gredi ya 4 katika shule ya msingi iliyo jirani nasi. Jioni moja nilitoka kibaruani nimechoka. Mama watoto akaniambia kwamba mwalimu ameandika barua, mtoto hamalizi kazi ya darasani. Sikuuliza kwa nini. Nilimchapa mtoto, kisha nikamgeukia mama yake nikasema, "Huyu mtoto wako ni mvivu kama wajomba zake." Barua yenyewe haikusomwa mpaka mwisho.

Barua ya pili sikuiona. Ya tatu pia sikuiona. Mke wangu alizificha kwenye sanduku la nguo. Siku ya mkutano wa wazazi alikuwa mgonjwa, ikabidi niende mimi. Mwalimu wa darasa alinisalimu kwa heshima, akauliza, "Baba, barua zetu tatu mlizipata?" Kisha akanieleza kwamba mtoto akikaa nyuma hawezi kusoma yaliyoandikwa ubaoni, na kwamba tangu barua ya kwanza, katika mistari ya mwisho, alituomba tumpeleke akapimwe macho.

Nilikuwa nimemchapa mtoto kwa kosa la macho yake.

Hata hivyo nilirudi nyumbani nikiwa tayari kugombana na mke wangu kwa kuficha barua. Alinijibu kwa sauti ya chini, "Baba watoto, ningekupa ili umchape tena?" Nilikosa la kusema. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wachumba parokiani kwamba mume na mke hawafichani neno.

WALIMTAFUTA PAMOJA

Tusome Luka 2:41-52. Yesu alipobaki Yerusalemu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, Maria na Yosefu walikuwa wamekwenda mwendo wa siku moja kabla ya kugundua kwamba hayupo. Kila mmoja angeweza kumlaumu mwenzake. Badala yake walirudi wote wawili, wakamwona baada ya siku tatu, ameketi kati ya walimu akisikiliza na kuuliza maswali. Maria alipozungumza naye alimtaja baba pia, kwamba wote wawili walikuwa wakimtafuta kwa uchungu. Tena walimuuliza kwanza kwa nini amefanya hivyo, wakasikiliza jibu ingawa hawakulielewa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwalimu hutusaidia kazi hiyo; hatupokonyi, wala sisi hatuwezi kumwachia yote.

SHULE YA LEO SI ILE YETU

Wengi wetu tulisoma katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. Wazazi wetu walitafuta ada na sare, wakangoja mtihani wa darasa la nane. Mtihani huo, KCPE, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika Mtaala wa Umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019 kwa gredi za chini, kazi za mtoto za gredi ya 4, 5 na 6 huhesabiwa pamoja na tathmini ya mwisho wa gredi ya 6. Mzazi anayengoja mwisho amekwisha kuchelewa.

Najua akina baba wanalalamika: leo maboksi, kesho mbegu, kesho kutwa picha ya kuchapishwa mjini. Mzigo upo. Lakini mwambieni mwalimu mapema kile msichokiweza. Mara nyingi atakubali magunzi ya mahindi au vizibo vya chupa mlivyo navyo nyumbani. Kinachomuumiza mtoto ni kwenda mikono mitupu huku wazazi wamelala bila kusemezana.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamfanya kila mzazi mwenye mtoto shuleni kuwa mwanachama wa Chama cha Wazazi. Sheria hiyo hiyo inakataza viboko shuleni. Basi tusiviweke nyumbani kusubiri ripoti ya muhula.

DESTURI NNE ZA NYUMBANI

1. Barua isomwe na wawili. Isomeni mpaka mwisho kabla ya kumwita mtoto. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, si na mtoto mwenyewe anayeshtakiwa.

2. Ulizeni kabla ya kuhukumu. Je, anaona vizuri? Anasikia? Amekula? Kuna anayemsumbua njiani? Mtoto mwenye shida mara nyingi huitwa mvivu.

3. Anayekwenda mkutanoni aende kwa niaba ya wawili. Kabla hajaondoka, kubalianeni maswali mawili ya kumuuliza mwalimu. Akirudi, asitoe habari za michango tu. Na wewe baba unayefanya kazi Nairobi au Mombasa, ukipiga simu usiulize kama pesa zimefika tu. Omba kuzungumza na mtoto, akusomee ukurasa mmoja.

4. Tengeni dakika kumi na tano kila jioni. Hata aliyeishia darasa la nne anaweza kumwambia mtoto aeleze kwa lugha ya nyumbani alichojifunza, au ahesabu chenji ya nyanya. Wapokezane baba na mama, kisha msali pamoja.

Zaidi ya hayo, tuache ile tabia ya kusema "mtoto wangu" akifaulu na "mtoto wako" akishindwa. Neno hilo ndilo lililonifungia barua mbili sandukuni.

Siku hizi kijana wetu ana miwani. Hajawa wa kwanza darasani, lakini anasoma, na anapenda kusoma. Miwani tuliipata kwa wiki mbili. Imani ya mke wangu ilichukua muda mrefu zaidi. Muhula mzima ulipita kabla hajaweza kunipa barua ya shule bila kunitazama usoni kwanza. Nilimwomba msamaha yeye, na nikamwomba mtoto pia. Kumwomba mtoto ndiko kulikokuwa kugumu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MUME NA MKE

1. Je, kila mmoja wetu anamjua kwa jina mwalimu wa kila mtoto wetu?

2. Kuna habari ya shule ambayo mmoja wetu ameogopa kumwambia mwenzake? Aliogopa nini?

3. Juma hili, ni jioni zipi baba ataketi na watoto, na zipi mama?