Difu ya Nyuma ya Pikapu: Maswali na Majibu kwa Mtahiniwa wa Ufundi Magari

Maswali haya yanahusu difu ya aina iliyomo kwenye Toyota Hilux nyingi za kazi: ekseli ya nyuma ni ngumu, na difu yenyewe hutolewa kwa mbele ikiwa nzima ukishachomoa hafushafti mbili na propela. Jibu la "difu imekufa" halina alama. Mtahini anataka useme kilichokufa ni nini na umekijuaje.

Swali la 1. Taja kazi tatu za difu.

Kugeuza mzunguko wa propela kwa nyuzi 90 ili ufike magurudumuni. Kupunguza kasi na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Kuyaacha magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Wengi huandika hiyo ya tatu peke yake, wakapoteza alama mbili za bure.

Swali la 2. Kraunwili ina meno 41 na pinioni ina meno 10. Mzingo wa tairi ni mita 2.2. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, propela inazunguka mara ngapi kwa dakika?

Uwiano ni 41 ÷ 10 = 4.1. Kilomita 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo tairi linazunguka 1,000 ÷ 2.2, yaani takriban mara 455. Zidisha kwa 4.1: propela inazunguka karibu mara 1,860 kwa dakika.

Hesabu hii ina kazi gereji. Beringi za pinioni zinazunguka mara nne na zaidi kuliko za magurudumu. Ndiyo maana beringi ya pinioni ikichakaa hulia kwa sauti nyembamba, ilhali ya gurudumu huunguruma.

Swali la 3. Mteja anasema, "Fundi, nyuma kunavuma." Utatambuaje chanzo kabla ya kufungua chochote?

Hili ndilo swali lenye alama nyingi, na ndilo linalowaumbua mafundi wenye haraka ya kushika spana.

Kwanza pima oili. Kuliendesha gari lenye difu kavu eti unasikiliza sauti ni kuimalizia. Kisha panda gari pamoja na mteja, akuonyeshe sauti anayoisema ni ipi. Pita kwenye lami laini, halafu kwenye kokoto au barabara ya vumbi. Sauti ikibadilika kwa kubadilika barabara, shuku matairi, hasa yaliyolika vipande vipande. Sauti ya difu haijali barabara. Inafuata mwendo na mguu wa dereva.

Sasa shika mwendo wa kilomita 60 hivi, kanyaga mafuta, achia, kisha lishikilie gari katika mwendo uleule. Jino la kraunwili lina pande mbili: upande mmoja unabeba mzigo ukikanyaga, wa pili unabeba ukiachia. Kwa hiyo mvumo unaotokea ukikanyaga tu, au ukiachia tu, unaelekeza kwenye meno ya kraunwili na pinioni. Mvumo usiobadilika sana kwa mguu wako unaelekeza kwenye beringi.

Malizia na kona. Ukikata kushoto, uzito unahamia kulia. Mngurumo ukizidi hapo, beringi ya gurudumu la kulia inahusika. Kelele inayosikika kwenye kona tu, na barabara ikinyooka inanyamaza, mara nyingi ni spaida gia na washa zake, kwa sababu kwenye mstari ulionyooka gia hizo hazizunguki kwenye pini yake.

Swali la 4. Gari linagonga "ngu!" kila linapoondoka au likitiwa rivasi. Je, ni difu?

Huenda, lakini anza na vya bei nafuu: krosi za propela, bolti za flanji, yuubolti za springi. Vyote vikiwa sawa, weka vizuizi kwenye matairi ya mbele, inua nyuma juu ya stendi, tia nyutro, shika flanji ya pinioni uichezeshe. Ikienda juu na chini au mbele na nyuma, beringi za pinioni zimeisha au nati imelegea. Ikicheza kwa kuzunguka tu kupita kiasi, mchezo umo kwenye meno, spaida au splaini za hafushafti.

Swali la 5. Sili ya hafushafti imebadilishwa, ikavuja tena. Kwa nini?

Kipumulio cha difu kimeziba kwa matope. Hewa ya ndani ikipata joto inatanuka, ikikosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili hadi kwenye viatu vya breki. Zibua kwanza, ndipo ubadilishe sili. Kagua pia kama hafushafti imejikata mtaro pale sili inapokaa.

Gari linalovuka mito wakati wa masika lina shida nyingine: difu yenye moto ikizama kwenye maji baridi inavuta maji ndani. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ioshe difu na ujaze mpya siku hiyohiyo.

Swali la 6. Oili gani, na kiasi gani?

GL-5, kwa kawaida SAE 90 au 80W-90. GL-4 haifai hapa, kwa sababu meno ya hipoidi yanasuguana kwa kuteleza chini ya shinikizo kubwa. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha ya kujazia ikagoma, gari limekwama gereji. Jaza hadi karibu na ukingo wa tundu.

Swali la 7. Difu inafungwa upya. Vipimo gani havikwepeki?

Kraunwili na pinioni hubadilishwa kwa pamoja, kwani zimesagwa pamoja kiwandani. Kofia za beringi zitie alama. Ya kushoto isihamie kulia. Mchezo wa meno pima kwa dayal geji: kwenye difu nyingi za inchi 8 za Toyota ni milimita 0.13 hadi 0.18, ila kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho.

Pakaa meno rangi, zungusha, usome alama. Ikikaa juu ya jino au upande wa nje, pinioni iko mbali: weka shimu nene zaidi nyuma ya kichwa chake. Ikikaa chini au upande wa ndani, weka nyembamba. Spesa inayobonyea iwe mpya kila mara. Ukipitiliza kuikaza, usirudishe nati nyuma. Toa, weka nyingine.

Swali la 8. Utajuaje kama difu ni ya kawaida au ya LSD?

Inua magurudumu yote mawili, tia nyutro, zungusha moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, ni LSD au imefungwa. Difu ya LSD usiiwashie injini na kuitia gia wakati gurudumu moja limekanyaga chini: gari litaruka kutoka kwenye jeki.

Swali la 9. Mwenye gari anaomba utie grisi nzito kwenye difu inyamaze hadi aliuze. Jibu lako?

Kraunwili ndiyo inayochota oili na kuirushia beringi za pinioni. Grisi hutupwa pembeni ikaganda huko, na beringi zinabaki kavu. Zikikamata, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga gari likiwa kwenye mwendo. Kataa, na uandike hivyohivyo kwenye karatasi ya mtihani.