Somo la Vikundi: Mwalimu Kwanza, Mabati Baadaye

Tumezoea kuanza shule kwa mawe na mabati. Harambee inafanywa, ukuta unapanda, halafu siku ya kufungua ikifika ndipo watu wanaulizana: sasa nani atafundisha? Mwezi huu tunasoma habari za mama mmoja Myahudi wa Poland aliyeanzia upande ule mwingine.

Jina lake ni Sarah Schenirer. Alizaliwa mwaka 1883 mjini Kraków, na kazi yake ilikuwa kushona nguo. Siku zile wavulana wa Kiyahudi walifundishwa Torati tangu utotoni. Wasichana je? Hao walienda shule za serikali wakajua Kipolandi vizuri, lakini imani ya kwao hawakufundishwa darasani. Wengi wakakua wakiona dini ni mambo ya wazee tu. Wateja wa Sarah walikuwa ni hao hao wasichana na mama zao, kwa hivyo shida aliiona kwa macho yake.

Kwanza alijaribu na wasichana wakubwa. Haikushika. Basi mwaka 1917 akachukua watoto wadogo, kama 25 hivi, akawafundisha pale pale penye kazi yake ya kushona. Shule ikaitwa Beis Yaakov, yaani Nyumba ya Yakobo (someni Isaya 2:5).

Miji mingine ikasikia, nayo ikataka shule. Hapa ndipo penye somo letu, maana mtu mmoja hawezi kukaa miji kumi. Sarah aliwachukua wanafunzi waliokomaa kidogo akawafanya walimu. Walisoma Torati, sala, historia ya Wayahudi, na namna ya kumfundisha mtoto. Mwalimu mpya hakutumwa na barua tu. Sarah alisafiri naye, akaongea na akina mama wa mji ule, watoto wakaandikishwa, ndipo akamwacha na kazi. Wakati wa likizo walimu walikusanyika mashambani kusoma zaidi. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hakusomea ualimu, walimu waliosoma sana kutoka Ujerumani walikaribishwa kufundisha chuoni. Hilo tunalipenda: mwanzilishi hakung'ang'ania kiti.

Gharama ilibebwa na chama cha kidini, Agudath Israel. Jengo kubwa la chuo lilifunguliwa mwaka 1931, miaka 14 baada ya darasa la kwanza! Sarah alifariki mwaka 1935. Vita vilipoingia mwaka 1939 kazi ilivunjwa, na walimu na wanafunzi wengi waliuawa na Wanazi. Waliobaki walianza upya, na leo shule za jina hilo ziko Israeli, Marekani na Ulaya.

Si yote ya kuigwa. Sisi hatungeshauri kumwacha msichana mdogo peke yake mji wa mbali.

Katika mkutano wenu ujao, mweka hazina asome kwa sauti: kati ya pesa mlizochangia shule ya nasari, ni shilingi ngapi za kumsomesha mwalimu na kumlipa, na ngapi za mabati? Halafu tajeni kijana mmoja hapo kijijini ambaye watoto hupenda kumfuata. Nani ataenda kuongea na wazazi wake, na lini?