Kwani Kiatu Kinakaa Siti?

Ujumbe uliingia nikiwa kwenye foleni ya chakula. "Dada, kiatu 25,000 halafu usafiri 9,000? Kwani kiatu kinakaa siti?" Mteja alikuwa Bukoba, mimi Dar es Salaam, na raba yenyewe, namba 41, ilikuwa chini ya kitanda changu hosteli. Nikawaonyesha wenzangu, tukacheka sana. Usiku nikagundua kwamba sina jibu la kumpa.

Wengi wetu hapa chuoni tunauza kitu kwa simu: viatu vya mtumba, mafuta ya nywele, vitenge vya nyumbani. Na wengi tunagombana na wateja kwenye jambo hili hili, si bei ya bidhaa. Basi ngoja niweke hesabu yangu mezani.

Boksi na selotepu, 1,000. Daladala kwenda kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi na kurudi, 1,600. Basi la Bukoba, 6,000. Jumla 8,600, na ile 400 inayobaki ni ya kutolea pesa, tena haitoshi. Mteja akisikia 9,000 anawaza njia, kilomita zaidi ya 1,300. Kisha anakiona kiboksi hakina uzito wowote, anahisi anaibiwa. Hata mimi niliamini tunalipia umbali, mpaka siku nilipotuma mzigo wa ukubwa uleule Morogoro, kama kilomita 190, nikalipa 4,000. Bukoba ni mbali karibu mara saba, lakini nauli imepanda kwa 2,000 tu! Basi lingekwenda Bukoba hata bila kiatu changu. Sehemu kubwa ya pesa ile ni ya mikono: karani wa kuandika risiti, wa kupakia kwenye buti, wa kushusha, wa kutunza mzigo mpaka mwenyewe aje na kitambulisho.

Jambo hili lilishaonekana zamani. Mwaka 1837 Mwingereza Rowland Hill alichapisha kijitabu kuhusu posta ya nchi yake. Wakati huo barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa. Asipotaka kulipa, anaikataa, na posta imeshaibeba bure. Hill akapiga hesabu ya kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh, akapata sehemu moja ya 36 ya peni. Gharama halisi ilikuwa kwenye kupokea, kuandika, kugawa na kudai pesa milangoni. Mwaka 1840 ikaanza bei moja, peni moja kwa barua nyepesi, iende popote Uingereza, mtumaji akilipa mapema kwa stempu.

Sasa rudi kwa mteja wetu. Siku hizi hajazoea hata peni. Amezoea neno "bure". Amazon walianzisha Prime mwaka 2005: lipa dola 79 kwa mwaka, mizigo ije kwa siku mbili bila kulipia kila mmoja. Usafiri umelipiwa, ila mnunuzi ameshasahau alilipa lini. Na sifuri ina nguvu ya ajabu. Kwenye utafiti wa Shampanier, Mazar na Ariely uliochapishwa mwaka 2007, watu waliwekewa chokoleti nzuri kwa senti 15 na ya kawaida kwa senti 1. Asilimia 73 ya walionunua wakachukua nzuri. Zote zikapunguzwa senti moja, ya kawaida ikawa bure, na asilimia 69 wakaikimbilia hiyo. Tofauti ya bei ilikuwa ileile.

Nami nikaingia mkenge. Semesta iliyopita niliandika "usafiri bure mikoani" kwa mwezi mzima, mtaji ukiwa ni pesa ya bumu. Nilikuwa nanunua pea kwa 14,000, nauza 25,000. Nikauza pea kumi Kanda ya Ziwa; ukitoa 8,600 kila moja, zinabaki 24,000. Pea ya kumi na moja, mteja aliomba alipe mzigo ukifika. Ulipofika, hakupokea simu tena. Kupeleka 8,600, kurudisha 6,000. Mwezi mzima wa kuzunguka Mbezi, na jaribio moja la darasani nililolikosa, ukaniachia 9,400 kabla ya bando. Wiki mbili za mwisho nilikula kwa mkopo wa niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.

Siku hizi natuma Ijumaa tu, mizigo yote pamoja, kwa hiyo daladala inagawanyika. Na bei naiandika kamili tangu mwanzo: "33,000 mpaka stendi ya Bukoba." Nimeona kwamba mtu anayekasirikia 25,000 na 8,000 huikubali 33,000 bila neno. Kinachomuudhi ni kukutana na gharama ya pili akiwa ameshakipenda kiatu.

Lakini hapa pia pana mtego. Mteja mmoja wa Mwanza aliona bei ya wanachuo, 25,000, akauliza yeye amekosa nini. Nilifikiria kufanya kama Hill, bei moja kwa wote. Posta iliweza kwa sababu ya wingi wa barua. Mimi na mizigo yangu minne kwa wiki, ningekuwa namlipisha jirani yangu wa hosteli nauli ya Mwanza. Nikamweleza hivyo hivyo, nikamtumia na picha ya risiti ya basi. Alinunua, baada ya siku mbili.

Bado kuna suala la kiatu kisichotosha. Nimeamua hivi: nikikosea kipimo, kurudisha ni juu yangu, akikosea yeye, ni juu yake. Ndiyo maana siku hizi kila picha ninayotuma ina rula ndani ya kiatu. Ile namba 41 kwa rula ni sentimita 26, na ipo bado.