Tujipige Kifua Chetu Wenyewe

Kila tuhudhuriapo Misa twainamisha kichwa na kukiri makosa yetu huku tukijipiga kifua. Hakuna aliyepata kuonekana wakati huo akimpiga jirani yake kifua. Hata mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza ajua kwamba mkono hurudi kwa mwenyewe. Lakini tukiisha kutoka kanisani, yakaanza mazungumzo juu ya ukame, mifereji iliyokauka na takataka zilizozagaa, mkono ule ule huwanyoshea wengine kidole: Serikali, wenye viwanda vya Ulaya, watu wa mjini, watu wa kijiji cha juu. Ni kosa la zamani. Adamu alimtaja Eva, na Eva akamtaja nyoka; wala hakuna aliyepona kwa kumtaja mwenziwe.

Juma hili twapenda kulitazama jambo hili pamoja nanyi, wapenzi wasomaji, kwa mfano wa mlima Kilimanjaro. Aliye Songea, Tabora au Bukoba atapata kwao mto au msitu wa kufananisha.

Asubuhi isiyo na mawingu mtu wa Moshi huinua macho na kukiona kilele cha Kibo, chenye kimo cha mita 5,895. Wazee husema kwamba theluji ilikuwa nyingi zaidi zamani, nao hawakosei. Barafu iliyopimwa mwaka 1912 ilikuwa imepungua kwa asilimia 85 hivi ilipofika mwaka 2007. Wataalamu hutaja hewa iliyokauka tangu mwisho wa karne ya 19, na joto la dunia liongezwalo na moshi wa viwanda na magari. Mkulima wa Kibosho mwenye kihamba kidogo cha kahawa na migomba hana sehemu kubwa katika moshi huo. Akilalamika, alalamika kwa haki, na mataifa tajiri yapaswa kumjibu.

Je, haki hiyo yaujaza mfereji wake? Hapa ndipo wengi tukoseapo. Twadhani maji tunywayo yatoka katika barafu, kumbe barafu hutoa kiasi kidogo mno. Sehemu iliyo kubwa hutoka katika msitu uuzungukao mlima juu ya mashamba yetu. Huko mvua hunyesha kwa wingi. Ukungu hushikwa na majani na kudondoka tone kwa tone. Udongo wenye mboji huyanywa maji hayo na kuyaachilia polepole katika chemchemi. Barafu ikiyeyuka, lawama yaweza kwenda mbali. Msitu ukikatwa au kuungua, shoka na kiberiti ni vya hapa hapa.

Mwaka 2001 msitu huo ulikaguliwa kwa ndege, wakaguzi wakaona maelfu ya miti iliyokatwa kinyume cha sheria, pamoja na matanuri ya mkaa. Mkaa hauchomwi bila mnunuzi, na mnunuzi ni baba au mama wa nyumba asiyeuliza umetoka wapi. Mhariri naye hajitoi katika hesabu hii: jikoni mwa nyumba yetu ya mapadre mkaa umewaka miaka mingi, wala hatukuuliza.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka mahali paitwapo Whona, katika njia ya Marangu, ukaunguza zaidi ya kilomita za mraba 90. Habari za kwanza za wakuu wa hifadhi ziliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Moto mdogo wa kupasha chakula! Mamia ya watu, wakiwamo wanavijiji na wanafunzi wa chuo cha Mweka, walikwenda kuuzima. Walifanya vema, kwa maana moto haungoji upelelezi uishe.

Wazee wa mlimani walilijua somo hili. Walichimba mifereji, ambayo Wachagga huiita mifongo, wakayaleta maji kutoka mabondeni hadi vihambani. Siku ya kuuzibua mfongo kila nyumba iliyoutumia ilitoa mtu wa kazi, na asiyefika alitozwa faini. Haikufaa kitu kusema, "Mchanga huu umeletwa na mvua, si mimi." Kipande kimoja kilichoziba chawanyima maji wote walio chini. Leo katika mifereji hiyo hiyo twakuta chupa za plastiki na nguo kuukuu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini hakuna sheria iwezayo kukaa mlangoni pa kila nyumba na kumshika mkono atupaye taka.

Wapo watakaosema, "Mtu mmoja hawezi kitu." Nasi twawajibu: msitu haukukatwa na mtu mmoja. Ulikatwa na wengi, kila mmoja akidhani mti wake mmoja hauonekani. Maji ya mlima huu hushuka hata bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani, yakaendesha mitambo ya umeme, ndipo yaingiapo baharini. Kila mmoja wetu anaye mtu aliye chini yake.

Hatusemi kwamba wakubwa wasikumbushwe wajibu wao. Wakumbushwe, tena kwa sauti. Lakini adaiye haki huku shoka liko mkononi hasikilizwi. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, hakuyadharau mambo madogo ya kila siku, kama kupanda miti na kupunguza taka.

Basi, jioni hii baada ya sala, wazazi wakae na watoto wao na kuulizana maswali matatu. Kwanza, kuni au mkaa wetu watoka wapi? Pili, taka zetu zaenda kwa nani? Tatu, mti wa mwisho tulioupanda ni upi, nao ungali hai? Swali lisilo na jibu jema ndiyo kazi ya nyumba hiyo kabla ya masika. Anayekaa kando ya mfereji na aanze na kipande kipitacho mbele ya mlango wake, asingoje wa juu waanze.