Kuuza Ujuzi kwa Amana: Mtaalamu Huru wa Maarifa katika Likoni, Kisauni na Changamwe

1. Utangulizi

Mhitimu wa Kiswahili amalizapo chuo, aghalabu huziona njia mbili mbele yake: darasa na chumba cha habari. Njia ya tatu haitajwi sana, ingawa ni kongwe. Njia hiyo ni kuishi kwa kutafuta, kuthibitisha na kufasiri maarifa kwa ajili ya watu wanaoyahitaji, bila ya kuajiriwa na yeyote. Makala haya yanaichunguza kazi hiyo katika mazingira ya Mombasa ng'ambo ya kisiwa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe. Hoja kuu ni kwamba mteja wa mtaalamu huru hanunui karatasi wala wingi wa maneno. Hununua uhakika ambao chanzo chake chaweza kuulizwa. Biashara ya mtu mmoja husimama au kuanguka kwa jambo hilo.

2. Dhana na Historia Yake

Mtaalamu huru wa maarifa ni mtu anayefanya kazi peke yake, akalipwa kwa kutafuta habari, kuzichuja, kuzifasiri na kuzipanga ili mteja aweze kufanya uamuzi. Nchini Marekani wataalamu wa aina hii waliunda chama chao mwaka 1987. Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kwamba kazi yenyewe ni ngeni katika Uswahili.

Ushahidi wa kwanza upo Mombasa. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na tungo zake zikabaki zimetawanyika katika vifua vya watu na karatasi chache. Aliyezikusanya ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Alifanya kazi hiyo pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Church Missionary Society, chama kilekile kilichoanzisha makazi ya Freretown, Kisauni, kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Mwalimu Sikujua hakuishia kunakili, bali alieleza pia maana ya maneno na matukio yaliyozizaa tungo. Bila maelezo hayo, mashairi mengi yangalisomeka lakini yasieleweke. Diwani iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo cha mtunzi.

Ushahidi wa pili ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwanamuziki na mchonga milango, na juu ya hayo alinakili miswada kwa malipo. Wateja wake walikuwamo wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Hakuwa na ofisi wala mwajiri. Alikuwa na hati nzuri, na alijua tungo gani zinapatikana kwa nani. Mambo hayo mawili, kujua mahali pa kutafuta na kuiwasilisha kazi kwa namna inayotumika, ndiyo mtaji wa mtaalamu huru hadi leo.

3. Haja Iliyopo Ng'ambo ya Kisiwa

Kwa muda mrefu ofisi kuu za Mombasa, zikiwamo mahakama na masjala ya ardhi, zimekuwa kisiwani. Mkazi wa Likoni huvuka kwa feri kuzifuata, wa Kisauni hupita daraja la Nyali, na wa Changamwe hupita Makupa. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, na huduma za serikali zilipoanza kuingia mtandaoni, safari zilipungua. Haja haikupungua. Fomu hupatikana haraka, lakini maana ya kilichoandikwa ndani yake haiji na fomu.

Katika Pwani ya Kenya, kukosa maarifa kwa wakati kumewagharimu watu mali. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wa ukanda huu wawasilishe madai yao ili yaandikishwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Ufalme wa Uingereza. Wapo waliokuwa wakilima ardhi yao siku zote na hawakudai, na vizazi vyao vikajikuta maskwota. Mwezi Januari 2016, wakazi wa shamba la Waitiki huko Likoni walipoanza kupewa hatimiliki baada ya mvutano wa miaka mingi, maswali ya msingi yalikuwa ya maarifa: hati inampa mtu haki gani, na inamdai nini?

4. Mfano wa Kazi: Nyumba Bila Kiwanja

Ili kuona kazi inavyofanyika, uchukuliwe mfano wa kubuni. Mwalimu mstaafu wa Changamwe anataka kununua nyumba ya Kiswahili huko Likoni kwa akiba yake yote. Dalali amemwonyesha nyumba na kumhimiza alipe. Mstaafu anamwendea mtaalamu huru na swali moja: "Je, nyumba hii ina kesi?"

Hatua ya kwanza ni kulipanua swali. Mombasa ina desturi ya umiliki isiyo ya kawaida kwingineko nchini, yaani nyumba bila kiwanja. Jengo ni la mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Kwa hiyo maswali ya kweli ni matatu: jengo ni la nani, kiwanja ni cha nani, na mapatano baina yao ni yapi?

Hatua ya pili ni kutafuta. Upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi huonyesha mwenye kiwanja aliyesajiliwa, na kama kiwanja kimewekwa rehani au zuio. Hapa ndipo wasio makini hujikwaa. Karatasi ya upekuzi inaweza kuwa safi kabisa, na bado isiseme neno lolote kuhusu jengo analouza dalali, kwa kuwa jengo halimo katika hati hiyo. Anayempelekea mteja karatasi hiyo na kusema "mambo ni shwari" hakudanganya kwa neno, lakini amempoteza. Mtaalamu hana budi kwenda pia mtaani: atazame risiti za kodi ya ardhi, amuulize mwenye kiwanja kama anamtambua muuzaji na kama atamkubali mnunuzi, na awasikilize wazee wa mtaa na majirani.

Hatua ya tatu ni ripoti. Ripoti njema ni fupi, na huyatenga mambo matatu: yaliyothibitishwa kwa hati, yaliyosemwa na watu bila hati, na yasiyojulikana. Kwa mfano: "Umiliki wa kiwanja umethibitishwa kwa upekuzi wa tarehe hii. Muuzaji asema kodi ya ardhi imelipwa yote. Risiti za miezi minane hazikuonekana. Haijulikani kama mwenye kiwanja atakubali mnunuzi mpya, hakupatikana." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, maana ndiyo itakayomzuia mstaafu asitoe fedha kabla ya wakati. Wengi huogopa kuandika "haijulikani" wakidhani mteja atawadharau. Kwa hakika, neno hilo ndilo linalomfanya ayaamini yale mengine.

5. Bei na Daftari

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kutoza kwa ukurasa, kama mpiga chapa. Ripoti ya kurasa mbili yaweza kuwa imechukua siku mbili za kuvuka feri na kungoja katika foleni. Hesabu ianze kwa mahitaji. Ichukuliwe kwamba mtaalamu anahitaji shilingi 45,000 kwa mwezi za kuishi, na 15,000 za nauli, intaneti, chapa na leseni. Jumla ni 60,000. Akifanya kazi siku 22 kwa saa 8, ana saa 176. Hata hivyo, saa hizo zote hazilipwi na wateja: nusu huenda katika kutafuta kazi, kusoma, kuandika hesabu na kufuatilia madeni. Zinabaki saa 88. Gawanya 60,000 kwa 88, utapata takriban shilingi 682 kwa saa. Kazi ya saa 9 haistahili kupungua shilingi 6,100, na ada za ofisi ziwe kando. Anayetoza 1,000 kwa kazi hiyo anajilia mtaji bila ya kujua.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kazi iandikiwe mapatano kabla ya kuanza: swali ni lipi, jibu litatolewa lini, malipo ni kiasi gani, na nini hakimo. Kipengele hicho cha mwisho huepusha ugomvi mwingi.

6. Mipaka na Wajibu wa Kisheria

Mtaalamu huru si wakili. Sheria ya Mawakili ya Kenya, katika kifungu cha 34, inamkataza asiye wakili kuandaa kwa malipo hati za kuhamisha umiliki wa ardhi. Mstaafu wa mfano wetu akiomba aandikiwe mkataba wa mauzo, jibu ni kumwelekeza kwa wakili. Kuijua kazi isiyo yako ni sehemu ya ujuzi.

Siri nayo ni sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zisiwekwe kupita haja. Nakala ya kitambulisho cha mteja haipaswi kuachwa katika kompyuta ya saiba.

Kwa upande wa pili, sheria imempa mtaalamu zana. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinamruhusu raia kuomba habari zilizo katika ofisi za umma. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa anatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Wachache wanaitumia haki hiyo kwa Kiswahili sanifu kinachoeleza kwa usahihi kitakiwacho. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi inayomngoja.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba biashara ya mtaalamu huru haihitaji jengo wala mtaji mkubwa, bali inahitaji nidhamu: kulipanua swali, kutaja chanzo, kukiri kisichojulikana, kutoza kwa haki na kutunza siri. Afanyaye kazi peke yake hana msimamizi wa kumsahihisha, na kosa lake hulipwa na mwingine. Mstaafu wa Changamwe ana akiba moja tu. Akiokolewa nayo, atamtuma jirani. Akiipoteza kwa ripoti ya harakaharaka, hakuna tangazo litakalolisafisha jina la aliyeiandika.

Maswali ya Kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya kunakili habari na kuifasiri, ukirejelea kazi ya Mwalimu Sikujua.
2. Kwa nini upekuzi safi wa ardhi hautoshi kwa mnunuzi wa nyumba bila kiwanja?
3. Andika ombi la habari kwa ofisi ya umma iliyo katika eneo lako, kwa Kiswahili sanifu, lisilozidi ukurasa mmoja.